Malakiti ndani ya chupa ya ndimu: mdogo wangu, usiyanywe hayo maji

Mdogo wangu wa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, umeuliza uzi gani unafaa kufungia hirizi, nta ya nyuki inapatikana wapi, na uweke bei gani kwa wateja wa Ubelgiji na Ufaransa wanaojiita wachawi wa kisasa. Halafu mwishoni, kama jambo dogo, ukasema umetia vipande vya malakiti kwenye chupa yenye ndimu, chumvi na misumari, "chupa ya ulinzi" kama anavyofundisha yule mama wa video za mtandaoni, na kuanzia Jumatatu utakuwa unakunywa kijiko kimoja kabla ya kushika kazi. Mimi nakujibu hilo la mwisho.

Malakiti, hilo jiwe la kijani, ni madini ya shaba. Sisi watu wa Lubumbashi tunasahau kwa kuwa tumeizoea mezani kwa wauzaji, imeshachongwa mayai, tembo, mikufu na visahani vya majivu. Malakiti safi, zaidi ya nusu ya uzito wake, karibu asilimia 57, ni shaba. Ikiwa kavu shingoni mwa mtu haina neno. Lakini ni kaboneti, na kaboneti ikikutana na asidi huyeyuka. Ndimu ni asidi, siki pia ni asidi. Yale mapovu uliyoyaona yakipanda, ambayo yule mama wa video anasema ni jiwe linapumua, ni gesi ileile iliyomo kwenye soda. Maji yakianza kugeuka kijani au buluu, ujue shaba imeshaingia humo.

Piga hesabu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha shaba katika maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita. Kipande cha gramu moja, ukubwa wa punje ya harage, kikiyeyuka chote kwenye lita moja kinatoa zaidi ya miligramu 570. Hata kikiyeyuka sehemu moja tu kati ya mia, umeshapita kikomo karibu mara tatu. Na wewe chupa yako umesema imekaa tangu wiki iliyopita!

Nilitengeneza chupa hizohizo kwa mafundisho hayohayo. Mtoto wa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, akaona maji ya rangi nzuri, akadhani ni juisi. Alitapika usiku kucha, matapishi ya kijani, analia tumbo linamkata. Kule hospitali daktari akauliza amekunywa nini, na mimi nikababaika, maana nani atasema "chupa ya wachawi" mbele ya foleni ya wazazi? Tulipoteza muda kwa sababu ya aibu hiyo. Wewe mtu akikunywa kitu kama hicho usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali, chupa uende nayo mkononi, useme wazi: humu mna malakiti na ndimu.

Yaliyofuata nyumbani yaliniuma kuliko usiku wenyewe. Mtoto amepona, lakini watu hawakuilaumu chupa, wakaanza kumwangalia yeye. Matapishi ya kijani, basi ana bulozi, yaani uchawi. Ndugu mmoja alitaka apelekwe chumba cha maombi, afungiwe huko bila kula mpaka akiri. Mtoto! Ilibidi yaya wangu asimame mbele ya familia na kuwasomea kifungu cha 41 cha Katiba ya Kongo ya 2006, kinachokataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na kuwaambia kwamba sheria ya 2009 ya kulinda watoto inaadhibu jambo hilo. Wakanyamaza. Lakini yule mtoto alisikia yote, na mpaka leo akikaribia kabati langu anaomba ruhusa kwanza.

Yule mama wa video namkasirikia mpaka kesho. Anafundisha watu wa Ulaya wanaotumia kwarzi, jiwe gumu linalofanana na kioo, na kwarzi ukiitia kwenye ndimu haiyeyuki. Kachukua maelekezo ya kwarzi akayabandika kwenye malakiti kwa sababu kijani kinapendeza kwenye kamera. Misumari ikageuka myekundu akasema ni damu ya adui. Damu gani? Ni shaba inatoka kwenye maji na kushika chuma. Muulize mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye viwanda vya Likasi au Kolwezi, atakwambia madini ya kijani huyeyushwa kwa asidi ili shaba itoke. Nilimwandikia kuhusu mtoto, akafuta maneno yangu, ya kumsifu akayaacha.

Na hata huko zilikotoka, chupa hizi hazikuwa kinywaji. Zile za Uingereza za karne ya 17 zilizochimbuliwa chini ya meko na vizingiti zilikuwa na misumari, pini, nywele na mkojo. Ziliwekwa zizibwe na zifukiwe. Huyu wa kijiko cha asubuhi kajitungia mwenyewe.

Basi shika hili moja: malakiti haiingii kwenye kitu cha majimaji. Si ndimu, si siki, si maji ya chumvi, si chai ya mizizi. Inakaa nje, kavu, imefungwa. Wateja wako hawatapungukiwa, kwa sababu wengi wao wanathamini nia unayoitia mkononi wakati wa kufunga, fundo kwa fundo. Kuna kamba ya mafundo na manyoya ya ndege iliyokutwa darini Wellington, Uingereza, mwaka 1878, leo iko makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, na mpaka sasa watu wanaiga umbo lake. Hiyo unaweza kuisuka hapo Katuba kwa uzi wa pamba, malakiti ikining'inia chini. Ukilisugua jiwe, lisugue likiwa na maji, nje ya nyumba, pua imefunikwa, maana vumbi lake nalo ni shaba.

Wanaojua bei na posta wakujibu hayo mengine. Fundo la kukamata jiwe lisilo na tundu ni gumu kulieleza kwa maandishi; niandikie faraghani nikutumie picha za hatua zote.