Upepo wa baridi kabla ya mvua: funga mlango kwanza

Siku paa letu liling'olewa, nilikuwa nimesimama mlangoni nikifurahia upepo. Jua lilikuwa limetuchoma tangu asubuhi, jasho halikauki, hewa nzito kama ya chumba kilichofungwa. Alasiri wingu likasimama mbali, jeupe juu na jeusi chini, kichwa chake kimetandazwa bapa kama fuawe ya mhunzi. Ngurumo zilisikika kwa mbali. Kisha ukaja upepo wa baridi, mzuri ajabu, nami nikafungua mlango wa mbele wazi kabisa ili nyumba ipoe. Mvua ilikuwa haijadondosha hata tone. Haikupita dakika moja nikasikia bati likipiga kelele juu ya kichwa changu, mlango ukanitoka mkononi, na nilipotazama juu niliona mbingu.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile nimesoma sana habari za dhoruba, na jambo ninalotaka ulishike ni hilo la upepo wa baridi. Wengi wetu huuona kama salamu za mvua. Ule ni mguu wa mbele wa dhoruba yenyewe.

Tuanze na wingu. Ardhi ikipata joto, hewa iliyo karibu nayo huwa nyepesi na kupanda. Kila ikipanda kilomita moja hupoa kwa nyuzi joto 10 hivi, mpaka mvuke uliomo uanze kugeuka matone. Hapo ndipo mambo hubadilika. Kama umewahi kuunguzwa na mvuke wa sufuria unajua ulivyo mkali kuliko maji ya moto, kwa sababu mvuke ukigeuka maji juu ya ngozi yako hukuachia joto lote lililotumika kuuchemsha. Angani ni hivyo hivyo: mvuke ukigeuka matone huipasha hewa joto, hewa inazidi kupanda, inavuta nyingine yenye unyevu kutoka chini, na wingu linajilisha lenyewe. Ndani ya muda mfupi, hata chini ya saa moja, linaweza kufika kilomita 12 au zaidi juu. Huko hugonga tabaka la hewa lisilopitika kirahisi, likatandaa pembeni. Ndiyo ile fuawe. Ukiiona, jua kwamba wingu limekomaa.

Kilichopanda lazima kishuke. Matone na barafu vikizidi uzito, huanguka na kuburuta hewa pamoja navyo. Sehemu ya maji hukauka njiani kabla ya kufika chini, na kukauka huko hupoza hewa, kama ngozi inavyopoa jasho linapokauka. Hewa iliyopoa ni nzito, basi inaporomoka kwa kasi, inagonga ardhi, na kusambaa pande zote kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Kwa hiyo upepo hukufikia kabla ya mvua, wakati mwingine kutoka kwenye wingu lililo kilomita nyingi mbali.

Aliyetufungua macho juu ya jambo hili ni Mjapani Tetsuya Fujita. Mwaka 1945 alichunguza madhara ya mabomu ya Nagasaki na Hiroshima, akaona jinsi miti ilivyolazwa kuelekea nje kutoka sehemu moja. Miaka mingi baadaye, akiwa Marekani, aliona kutoka angani miti ya msituni iliyolazwa kwa mtindo ule ule baada ya dhoruba. Ndege ilipoanguka ikikaribia kutua New York mwezi Juni 1975, alieleza kwamba ilikutana na hewa inayoporomoka namna hiyo. Wataalamu wengine walimpinga mwanzoni. Leo marubani hufundishwa kuukwepa upepo huo, na viwanja vingi vikubwa vina vifaa vya kuutambua.

Sasa rudi kwenye mlango wangu. Upepo ukipita juu ya paa huinyonya bati kuelekea juu, hasa kwenye kingo na pembe. Nguvu yake haikui sawasawa na kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne, na ikiongezeka mara tatu, nguvu huwa mara tisa. Ukiacha wazi mlango unaoelekea upepo, hewa huingia ndani na kulisukuma paa kutoka chini huku ya juu ikilivuta. Ndivyo nilivyofanya. Wapo wanaoshauri kufungua madirisha wakati wa dhoruba eti ili hewa ya ndani na ya nje zilingane. Tafadhali usiwasikilize. Funga kila kitu, na milango ya vyumbani pia, kisha kaa chumba kidogo cha katikati, mbali na vioo.

Kulikuwa na kosa jingine ambalo si la upepo. Bati nililookota uwanjani lilikuwa na misumari yake yote, na hakuna hata mmoja uliopinda. Ilichomoka wima kutoka kwenye mbao, mifupi, laini. Fundi aliyetujengea alikuwa ameniambia inatosha, nami sikuuliza zaidi. Skrubu ndefu hushika mbao kwa meno yake. Msumari laini hushikwa kwa kubanwa tu, na mbao zikikauka kubanwa huko hulegea. Tulipoezeka upya tulitumia skrubu, tukaziweka karibu karibu kwenye kingo, na kila kenchi tukaifunga ukutani kwa ukanda wa chuma. Hilo la mwisho watu hulisahau: bati likishika kenchi vizuri na kenchi haijashika ukuta, paa huondoka zima.

Kuhusu radi nitasema kwa ufupi, si kwa sababu ni ndogo. Hupasha hewa inakopita kufikia nyuzi joto 30,000 hivi, mara tano ya uso wa jua, na hewa hiyo inapotanuka ghafla ndipo tunasikia ngurumo. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo, gawanya kwa tatu: hizo ni kilomita. Zikiwa sekunde 30 au chini yake, uwe tayari uko ndani ya jengo au gari lenye bodi ya chuma, si chini ya mti. Radi inaweza kupiga kilomita 10 kutoka mahali mvua inaponyesha, hata juu yako kukiwa kweupe. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke. Na ukiwa ndani, achana na mabomba ya maji na vifaa vilivyochomekwa kwenye umeme.

Maji nayo yanadharauliwa kuliko yote. Mkondo wa kasi wenye kina cha sentimita 15, yaani chini ya magoti, unatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 huondoka na magari mengi. Usivuke, hasa usiku.

Vimbunga vya baharini ni habari nyingine: huhitaji bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 hivi, huishi siku nyingi, na utabiri hutangulia. Wanaokufa humo wengi huuawa na maji. Kimbunga cha Novemba 1970 kilichopiga nchi ambayo leo ni Bangladesh kiliua watu 300,000 au zaidi, wengi wakiwa wamefunikwa na bahari iliyopanda nchi kavu. Kwa hiyo ukiambiwa uhame pwani, hama mapema, hata kama nyumba yako ni ya zege. Na kitovu cha kimbunga kikipita juu yako, upepo hutulia na jua huweza kuonekana. Watu hutoka kukagua mabati. Baada ya muda mfupi upepo hurudi kwa nguvu zile zile, safari hii kutoka upande wa pili, na kukuta vilivyokwisha kulegea.

Dhoruba ikiisha kweli, vaa viatu vyenye soli ngumu kabla ya kutoka. Usikanyage dimbwi lenye waya ndani yake au karibu yake, hata kama umeme umekatika mtaa mzima. Sisi tuliendelea kuokota misumari uwanjani kwa wiki kadhaa, na wa mwisho niliukuta umesimama wima kwenye udongo, ncha juu, hatua tatu kutoka mahali watoto wanapochezea.