Ukumbi wa Vikings wa lego umepoa? Anza na moto

Mkuu, umesema ukumbi wako wa Vikings (wale mabaharia wapiganaji wa zamani wa Ulaya kaskazini) umeujenga vizuri kwa lego, yale matofali ya plastiki ya kuchezea, ila vile vidoli vya watu vimesimama mstari kama viko foleni ya benki, haunogi. Tatizo sio matofali, ni moto umeuweka wapi. Kumbi zao moto ulikuwa katikati ya sakafu, sio ukutani, na mabenchi yanakaa pembeni kwa urefu, so weka vipande vya rangi ya chungwa vinavyopitisha mwanga, chini yake taa ndogo ya betri, alafu wageuze watu waangalie huko. Mmoja mwinamishe anamwaga pombe, mwingine kalala chini ya benchi, mbwa anavuta mfupa, hapo ndo panachangamka.

Kuta nazo usizinyooshe sana, nyumba nyingi zilibinuka kidogo kati kama mtumbwi, na ile ya Borg kule Norwei ilikuwa na urefu wa mita kama 83, kwa hiyo refusha tu usiogope. Paa lifanye la kufunuka, la sivyo kazi yote ya ndani hataiona mtu.

Na hizo kofia za pembe toa bana, hawakuvaa vitani wale. Pembe wape mkononi wanywee.