Kuhusu mashine ya kufulia mnayochangia na majirani

Pole ndugu, nimekuelewa: jirani ana fangasi za miguu, mnatumia mashine moja, nawe unaogopa watoto wataambukizwa. Inawezekana, ila hatari ni ndogo kuliko unavyodhani. Magonjwa ya zinaa kama kisonono yaondoe kabisa kwenye hofu yako. Hayaji kwa njia hiyo.

Shida ni maji ya baridi. Sabuni huondoa vijidudu vingi, lakini mbegu za fangasi na baadhi ya bakteria wanaweza kubaki. Kwa hiyo taulo, soksi, chupi na mashuka fua kwa nyuzi 60 za Selsiasi, kama kitambaa kinastahimili. Nguo nyeupe za pamba zitie dawa ya klorini (usiichanganye na siki wala dawa nyingine, hutoa gesi ya sumu). Kisha kausha mpaka zikauke kabisa. Mimi hapa ndipo nilipokuwa nakosea: nilikuwa naacha nguo mbichi ndani ya mashine usiku kucha, halafu nalaumu wenzangu kwa harufu.

Ukishapakia nguo chafu, nawa mikono kabla ya kugusa zilizo safi. Watu wengi husahau hili.

Nyumbani kwako akitokea mwenye upele unaowasha sana usiku, au mabaka ya duara yasiyopona, nenda kituo cha afya. Kufua peke yake hakutibu ngozi. Na jirani mwambie kwa upole atibiwe. Huenda hata hajui.