Gumbo chungu na nyepesi: tatizo liko kwenye ruu
Ndugu, unasema gumbo yako (mchuzi mzito wa Louisiana, Marekani) imetoka chungu na nyepesi. Uchungu huo hautoki kwenye viungo. Ni ruu, yaani unga uliokaangwa kwa mafuta, imeungua. Ukiona vidoa vyeusi, mwaga uanze upya; hakuna kitu kitakachoficha ladha hiyo. Kikombe 1 cha mafuta kwa kikombe 1 cha unga wa ngano, sufuria nzito, moto wa wastani au chini kidogo, koroga bila kuacha dakika 30 hadi 45 mpaka rangi ifanane na chokoleti. Hapohapo tia vitunguu, pilipili hoho na selari. Vinaipoza ruu isiendelee kuiva.

Wepesi je? Unga ukikaangwa hadi kahawia iliyokolea hupoteza nguvu ya kuufanya mchuzi uwe mzito. Ndiyo maana Louisiana huongeza bamia, au unga wa majani ya sassafras (huu utie ukishaepua, ukichemka unavutika kama ute).

Supu ya kutia kwenye gumbo usinunue: chemsha maganda na vichwa vya kamba wa baharini, maji lita 2, dakika 30, chuja. Kamba wenyewe mwisho kabisa, dakika 3 tu, wakizidi wanakuwa wagumu.