Usianzie Hospitali Kubwa

Bimkubwa wangu ana presha. Siku alipoamka na kisunzi nilimpakia kwenye tuktuk hapa Maweni, mbio hadi hospitali kubwa. Tulifika saa mbili asubuhi, tukaitwa saa nane mchana. Akapimwa, akaandikiwa dawa, na dawa zenyewe hazikuwepo. Siku ya kazi imeliwa, nauli juu.

Sikuwa nimefikiria zahanati hata kidogo. Wengi wetu Malindi tunaiona ni ya chanjo za watoto na Panadol. Kumbe presha, sukari na kipimo cha malaria vyote huanzia huko, na wakiona mambo mazito wanakuandikia barua ya rufaa.

Aliyenifungua macho ni dada wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na mkoba. Alimkuta Bimkubwa barazani anasuka ukili, kikombe cha kahawa pembeni. "Shikamoo mama. Hiyo kahawa umekunywa sasa hivi? Basi narudi baada ya nusu saa." Aliporudi alimkalisha kimya dakika tano, mgongo ukutani, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, ndipo akamfunga mashine mkononi. 158 kwa 96. Akapima tena, akaandika kwenye daftari, akatuelekeza zahanati.

Kabla hujaenda, jiandikishe SHA, ile bima ya afya ya serikali, kwa *147#. Watu wakisikia SHA wanawaza ile 300 ya kila mwezi, wanakaa nyumbani. Kujiandikisha ni bure, na zahanati au kituo cha afya cha serikali hulipwa na mfuko wa afya ya msingi hata kama hujachangia. Mchango unadaiwa ukifika hospitali za juu. Dawa nazo huisha, sikufichi, kwa hiyo usingoje kidonge cha mwisho ndipo uende. Wahi asubuhi na ubebe lile daftari. Muuguzi akiona namba za mwezi mzima hakuanzishi upya.

Ila mtu akipinda mdomo ghafla, akishindwa kutamka au kifua kikimbana, hapo zahanati iache. Hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku wa manane.

Bimkubwa sasa yuko 130 na kitu. Dada akichomoza kichochoroni, kikombe cha kahawa kinaingia chini ya mkeka.