Jedwali la Swing linageuka jekundu lote: nakosea wapi?

Swali: Natengeneza programu ya ankara kwa Java Swing, maktaba ya Java ya kuunda madirisha na majedwali. Nataka safu ya ankara iliyopitisha tarehe ya malipo iwe na rangi nyekundu hafifu nyuma. Nimerithi DefaultTableCellRenderer, darasa linalochora seli za jedwali, nikaandika kwamba ankara ikichelewa iitwe setBackground. Mwanzoni inakubali, ila nikiskroli kidogo jedwali lote linakuwa jekundu. Nikibofya kichwa cha safuwima ili kupanga, rangi zinaangukia ankara zisizohusika. Safuwima ya kiasi nayo haipati rangi kabisa.

Jibu: Hapo kuna makosa matatu, na la kwanza karibu kila aliyegusa Swing amelifanya. Mimi nililaumu kadi ya michoro siku nzima.

JTable, yaani jedwali la Swing, haina kijenzi kwa kila seli. Ina mchoraji (renderer) mmoja anayetumika kama muhuri: anavikwa thamani ya seli, anagongwa kwenye skrini, kisha anahamia seli inayofuata. DefaultTableCellRenderer huikumbuka rangi uliyompa kwa setBackground na kuitumia kwa kila seli isiyochaguliwa. Umempa nyekundu, hujamwambia aivue lini. Kwa hiyo kila “if” ya rangi lazima iwe na “else” yake.

Safuwima ya kiasi ina sababu nyingine. Bila shaka getColumnClass yako, inayotaja aina ya data ya safuwima, inarudisha Double, na JTable ina mchoraji wake wa Number. Wewe umesajili wako kwa Object, basi kwenye namba haitwi. Visanduku vya Boolean vitakufanyia vivyo hivyo. Badala ya kuandika mchoraji kwa kila aina, rithi JTable yenyewe na ubadilishe prepareRenderer, maana seli zote hupitia hapo:

```java
@Override
public Component prepareRenderer(
        TableCellRenderer r, int safu, int safuwima) {
    Component c = super.prepareRenderer(r, safu, safuwima);
    if (!isCellSelected(safu, safuwima)) {
        int halisi = convertRowIndexToModel(safu);
        if (modeli.imechelewa(halisi))
            c.setBackground(NYEKUNDU_HAFIFU);
        else
            c.setBackground(safu % 2 == 0 ? Color.WHITE : KIJIVU);
    }
    return c;
}
```

Tazama namba mbili za safu. “safu” ni nafasi inayoonekana kwenye skrini. “Halisi” ni nafasi ndani ya modeli, yaani kitu kinachoshika data ya jedwali. Mtumiaji akipanga upya, modeli haisogei, ni mwonekano tu unaobadilika, ndiyo maana rangi zako zilihamia kwa wasiohusika. Lakini usitumie “halisi” kila mahali! Michirizi ya kupokezana, nyeupe na kijivu, ni mapambo ya skrini, hivyo inahesabiwa kwa “safu”. Ukiihesabu kwa “halisi”, jedwali likipangwa utapata safu tatu za kijivu zimefuatana.

Safu iliyochaguliwa nimeiacha kwa makusudi. Ukiipaka, mtumiaji hataona alichobofya.

Ndani ya imechelewa usiulize hifadhidata. Mbinu hii huitwa kwa kila seli inayochorwa upya, na skroli itaanza kukwama. Linganisha tarehe ambayo tayari iko kwenye kumbukumbu.

Kwa rangi, mimi huanzia new Color(0xFDE2E2) na maandishi meusi. Color.RED tupu inaumiza macho. Pia ongeza neno “Imechelewa” kwenye safuwima ya hali, kwa sababu wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani.

Bado kuna mtego mmoja. Mtu akihariri tarehe na modeli yako ikaita fireTableCellUpdated, inachorwa upya seli hiyo moja tu. Utaona kipande kimoja chekundu katikati ya safu nyeupe. Ita fireTableRowsUpdated(i, i) ili safu nzima ichorwe. Na kumbuka ankara inaweza kuchelewa bila mtu kugusa kitu: saa sita ya usiku ikipita, modeli haitumi tukio lolote. Kama programu hukaa wazi usiku kucha, weka javax.swing.Timer iite repaint() ya jedwali kila dakika. Itachora seli zinazoonekana tu, kwa hiyo haina uzito.