Re: Kikundi chetu tunaweza kuomba KCDF?

Mkuu, kikundi cha vijana na familia kama chenu huko Kilifi kinaweza kabisa kuomba pesa za mradi KCDF (Kenya Community Development Foundation) bila mfadhili wa nje kuwashika mkono, ule ni wakfu wa hapa hapa Kenya tangu 1997. Ila msiende mikono mitupu, wanapenda mchangishe kwanza wenyewe, wazazi, wenye maduka, hata harambee, ndio wao waongezee juu. Cheti cha usajili, akaunti ya benki ya kikundi (sio ya mweka hazina!!) na hesabu zinazoeleweka, hapo ndo wengi huanguka jamani. Proposo (andiko la kuomba pesa) iwe fupi. Pia ulizeni kuhusu mfuko wa kudumu, ile pesa yenyewe haiguswi, mnatumia faida tu, mfano kulipia watoto karo.